Nimekwenda Kulifuta Jina la Kidoti

Mama,

Kopo la rangi nyeupe na brashi nimechukua mimi, usitafute. Mboga iko kwenye sufuria, ipashe tu. Godoro la mdogo wangu Kidoti nimelianika nyuma, ligeuze, na mtu asimcheke.

Ndiyo, amekojoa tena. Si jana baba alimwahidi atakuja? Mtoto kakaa mlangoni na gauni lake zuri mpaka giza, chakula hataki. Kila mara baba akiahidi kisha asije, asubuhi tunaanika godoro.

Leo nikampigia. "Baba, Kidoti alikungoja." Anacheka! "Mwanangu, wateja walijaa. Mwambie kesho." Kesho yake tunaijua.

Na hao wateja wanaingia chini ya kibao gani? KINYOZI BABA KIDOTI, herufi nyekundu. Mtaa mzima unamsifu eti baba mwenye mapenzi. Miguu ya kuja hana, jina la kuvutia watu analo! Leo nalifuta mchana kweupe, wateja wakiwa vitini. Namwachia KINYOZI BABA tu. Wakimuuliza baba wa nani, ajieleze mashine ikiwa mkononi.

~~Mpigie umtahadharishe kidogo.~~ Usimpigie! Nataka ajionee.

Najua utasema nimemaliza shule, kazi sina, natafuta ugomvi. Leo kazi ninayo.

Akija hapo anafoka, usimfungie mlango, mama yangu. Mpe kiti, halafu mwite Kidoti.

Mwanao mkubwa