Mguu Ulio Nyuma ya Mlango

Baba,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, ila ulinilea hivyo, mtu haanzi habari kabla ya salamu. Na habari ninazo.

Nyumba ya kambini Mazinde si yetu tena. Shamba la mkonge limeuzwa, na tajiri mpya kaja na watu wake. Mashine za korona, zile za kuchakata mkonge, zilisimama muda mrefu baada ya msiba wako, zikawashwa tena na wafanyakazi wachache, na Rashidi hakuwa miongoni mwao. Walimwambia kapunguzwa. Mdogo wangu yule, mwenye kifua kama kabati, kapunguzwa. Tukafunga virago tukamfuata mama kwao Kwamsisi, ndiko tuliko, tunalima mahindi na kusikiliza maneno ya wajomba. Kaburi lako tumeliacha kule kwenye mkonge. Nimelizungushia mawe makubwa, maana trekta haliulizi hapa kalala nani.

Mguu wako tumekuja nao. Siku ya mazishi wazee walibishana kama uzikwe nao au la, ungekuwepo ungecheka. Mama ndiye aliyekata shauri. Alisema hukuzaliwa na huo, utakwenda bila huo. Basi umesimama nyuma ya mlango, mikanda yake imening'inia, na kile kiatu cheusi bado kimo. Nakumbuka ulivyokuwa ukikipiga rangi kila Ijumaa, na kile cha mguu wa nyama unakiacha na vumbi lake. Ulisema mguu wa wafadhili ni mgeni, na mgeni hapewi kiatu kichafu.

Sasa nikueleze habari za hao wafadhili. Unaikumbuka karakana ya miguu ya Korogwe, tulivyokuwa tukienda wewe na mimi, Fundi Mbelwa anakuvua mguu, anakaza mikanda, mnagombana kuhusu mpira mpaka chai inapoa? Imefungwa. Fundi alikuja mwenyewe mpaka Kwamsisi kutuambia. Wageni walifika na gari lao, wakamweleza kwamba vita vya Msumbiji vimekwisha, kwa hiyo fedha za miguu sasa zinakwenda kutegua mabomu yaliyofukiwa kule, kwani kinga ni bora kuliko tiba. Fundi akauliza, na hawa waliokwisha kukatika? Wakamwambia hilo ni swali zuri sana. Wakapanda gari.

Anafanyia kazi barazani kwake siku hizi, anaunga vyuma vya zamani. Aliuomba mguu wako. Sehemu ya juu haimfai mtu mwingine, ilifinyangwa kwa kigutu chako, lakini chuma na unyayo bado vizima, na yupo mama mmoja wa Kwashemshi ambaye wake umepasuka, anapanda vilima kwenda shambani kwa fimbo mbili. Nikakubali. Nikamwambia nitampelekea Jumamosi. Niliona wewe ungekubali.

Jumamosi haijafika, Rashidi akarudi kutoka Mazinde, macho yanawaka. Gari la wafadhili lilikwenda kambini kutafuta vijana wa Kimakonde kama sisi, wanaojua lugha, wenye afya, wakafundishwe kutegua mabomu ng'ambo ya Ruvuma. Mshahara mnono, koti zito, kofia yenye kioo cha kufunika uso. Aliyataja yote kama bwana harusi anayetaja mahari. Mimi nilikaa chini, baba. Ni fedha zile zile. Zimetolewa kwenye miguu zikapelekwa kwenye mabomu, na mwanao anazifuata. Ikimtokea kama ilivyokutokea wewe, atarudi Korogwe kwenye karakana ipi?

Nikamkumbusha habari ya tawi, ingawa anaijua kama mimi. Ulivyotoka Mazinde kwenda kumzika bibi kijijini kwenu Msumbiji wakati wa vita, ndugu wametangulia. Ulivyofika njia panda ukakuta tawi bichi limelazwa njia ya kushoto, kama mtu yeyote wa kwenu anavyowalazia walio nyuma: huku hatukupita, pita kule. Ukapita kule bila wasiwasi, kwa sababu toka utoto wako tawi halikuwahi kukudanganya. Ndugu zako walikuwa wamelilaza njia hiyo ya kulia. Waliofukia bomu njia hiyo ndio waliolihamisha. Walijua maana yake, maana nao walikuwa watoto wa njia zile zile. Ndilo lililokuuma kuliko mguu, ulituambia. Toka hapo ukatufundisha: usiliamini tawi mpaka uujue mkono uliolilaza.

Rashidi alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaniuliza, "Sasa nani ayatoe, dada? Tuwaachie watoto?"

Nikasema tu kwamba Jumamosi naupeleka mguu kwa Fundi. Akaenda nyuma ya mlango, akautoa, akausimamisha kando ya mguu wake wa kushoto. Ukamfika pale pale ulipokuwa ukikufika wewe, chini kidogo ya goti. Mama aliacha kupeta mahindi.

"Usiutoe kwanza," Rashidi alisema. "Uache ukae."

Hakuwa anatania, baba. Ningejua angekuwa anatania. Niliogopa, na Jumamosi sikwenda Korogwe. Yule mama wa Kwashemshi anipe radhi. Namuwaza kila nikiona kilima.

Asubuhi ya safari nilimtangulia. Nilivunja tawi la mwarobaini nikalilaza pale njia yetu inapoachana na ile ya kwenda kupanda basi. Sikuwa na neno jingine lililobaki. Alipofika alisimama, akatua begi. Mkono aliujua, nilikuwa nimesimama pale pale. Nikadhani atageuka. Nilishaanza kumshukuru Mungu.

Akalivuka. Kisha akageuka, akaliinua, akalilaza upya nyuma yake, akalinyoosha vizuri kama mtu anayetandika kitanda. Nikaelewa. Nisimfuate. Akabeba begi, akaenda, na hakutazama nyuma kwa sababu wewe ulimkataza kutazama nyuma akiwa safarini.

Tumepata barua yake moja. Anasema chakula ni kizuri na wenzake ni wacheshi. Anasema ardhi ya kwenu ni nzuri, nyasi zimerudi ndefu, na iko kimya sana. Mama aliniambia nimsomee hapo penye kimya mara ya pili, halafu akaenda nje.

Tawi limekauka, mbuzi wamemaliza majani. Hakuna aliyeliondoa. Mama akienda kisimani hulizunguka kwa pembeni, na mimi sasa naona nafanya vile vile.

Pumzika, baba. Mawe yako nitakuja kuyatazama mvua zikikatika. Mguu naupangusa vumbi, nailainisha mikanda kwa mafuta isikauke, na kiatu nakipiga rangi Ijumaa kama ulivyofanya. Siku Rashidi atakaporudi na kulivuka lile tawi kwa miguu yake, siku hiyo hiyo naupakia kwenye basi la Korogwe, na yule mama wa Kwashemshi apande vilima vyake. Hiyo ni ahadi. Mpaka hapo nitautunza.

Nawe huko uliko, omba mguu huu usipate mwenyewe humu nyumbani.

Mwanao,
Zaituni