Mpini wa Chini

Mpendwa Baba,

Salamu nazifupisha, maana hali yako anaijua Yeye aliyekuita, na ya kwetu unaweza kuikisia. Mama bado anauza maandazi mlangoni, mafundi wa gereji ya jirani bado wanaanza kugonga vyuma kabla watu hawajanywa chai, na mtaa wetu wa Buyenzi ni ule ule. Nina habari moja ya kukupa, lakini sitaanza nayo. Wewe mwenyewe ulikuwa huweki shoka kwenye shina kabla ya kuuzunguka mti wote na kutazama unaegemea wapi. Basi nivumilie nizunguke kidogo.

Uliniita Juji kwa sababu nilikuwa nauliza kama hakimu aliyekosa usingizi. Ulilalamika, lakini nilijua unapenda. Wageni wakija ulikuwa unanichokoza mbele yao ili niulize, kisha unashika kichwa na kusema mtoto huyu atakumaliza.

Unakumbuka ule mwaka wa pili wa vita, mliponipeleka ng'ambo? Shule ilikuwa imefungwa kwa sababu ya risasi. Msitu wa Kibira ulikuwa hauendeki tena, mtu akiingia na shoka hakuwa na hakika ya kutoka. Kwa hiyo wewe na Papa Salvatori mlikuwa mnavuka ziwa kwenda kukata upande wa Kongo, kwenye misitu iliyoshuka kutoka mlimani mpaka karibu na maji. Mama alikwenda kuwapikia, nami nikabebwa pamoja na masufuria.

Papa Salvatori alikuwa mwenzako wa msumeno tangu kabla sijazaliwa. Mtu wa mtaa wa Kamenge, Mkatoliki wa kukaa benchi la mbele, na kila Ramadhani alifuturu kwetu na kulalamika kwamba uji una sukari nyingi, huku ananyoosha bakuli aongezewe. Sikuwahi kusikia mkiulizana nani ni wa kabila gani. Wengine ndio walikuja kuwauliza baadaye.

Kule niliuona mti wa libuyu kwa mara ya kwanza ukiwa umesimama. Nyumbani niliujua ukiwa mbao nyekundu tu, za vitanda na milango ya matajiri. Nilirudi nyuma hatua nyingi na bado sikuona mwisho wake. Mizizi yake ilitoka ardhini kama kuta, mimi na mama tulijificha mvua kati ya mizizi miwili na bado palibaki nafasi ya kuni. Mlijenga ulingo wa miti kuuzunguka ili mpande juu ya ile mizizi mpate kukata. Wewe uligonga shina kwa kisogo cha shoka, ukaweka sikio, ukagonga tena upande wa pili. Nikauliza unasikiliza nini. Ukasema unasikiliza kama ndani kuna shimo, maana mti ulio wazi ndani huanguka unakotaka wenyewe na huua watu.

Nikauliza nani aliupanda. Ukasema hakuna, huu ni mti wa kukuta. Babu zenu waliukuta, na babu zao waliukuta. Mimi nikafikiri kidogo, nikauliza sasa sisi tukiukata, wanaokuja watakuta nini. Wewe ukarudi kugonga shina. Papa Salvatori alicheka mpaka akashika mbavu, akasema Juji amefunga kesi, twende tukale. Mlikula, na mkaukata.

Mti ule ulichukua siku nyingi. Mikono yenu ilichubuka, mkaifunga vitambaa, mkaendelea. Ulipoanguka, ardhi ilitikisika na ndege wote wa upande ule wakaruka, halafu pakawa na mwanga mkali mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mwanga. Nilitarajia mtashangilia. Mlikaa chini tu, migongo imegeukiana, mkanywa maji. Mpaka leo najiuliza mlikuwa mnawaza nini.

Gogo kubwa namna ile halibebeki, kwa hiyo mlilipasua pale pale. Mlichimba shimo, mkalisukuma gogo juu yake kwa magogo madogo, mkachovya uzi kwenye ule weusi wa betri za tochi zilizokufa, mkauvuta na kuuachia, na mstari mweusi ukabaki juu ya mti umenyooka. Wewe ulisimama juu ya gogo ukishika mpini wa juu. Papa Salvatori alishuka shimoni akashika mpini wa chini. Yeye anavuta, wewe unaongoza. Vumbi lote la mbao lilimwangukia yeye, usoni, shingoni, kinywani. Jioni akitoka shimoni alikuwa mwekundu mwili mzima, na alikohoa kama mzee.

Na ile desturi yenu, Baba, ndiyo iliyonishangaza kuliko vyote. Mpini wa juu umekazwa kwenye msumeno, hautoki. Wa chini unashikwa na kabari tu, ukiigonga kabari mpini unachomoka. Kazi ikiisha, Papa Salvatori alikuwa anauchomoa, anaufuta, anauweka kwapani na kwenda nao kwake. Msumeno unabaki kwako, mpini unabaki kwake. Nilidhani ni kwa ajili ya wezi, kwamba mwizi akiiba msumeno ameiba nusu. Ukaniambia ni kwa ajili ya wezi, ndiyo, na pia ili kila mmoja ajue kwamba bila mwenzake hana kazi. Ukasema wapasuaji wote mliowajua walifanya hivyo.

Mbao za ule mti mlimpa tajiri wa mbao aliyewatuma. Kipande kimoja kifupi cha gogo mlikiomba, mkakileta kwa mashua mpaka ufukwe wa Kajaga na kwa lori mpaka uani kwetu, mpasue polepole siku zisizo na kazi, mfanye mlango. Mlango wetu ulikuwa bati lililopigiliwa kwenye miti, na usiku wa milio ya bunduki mama alikuwa analisukumia meza. Alisema akipata mlango wa libuyu atalala.

Mlianza. Mlifika nusu. Siku ile ya mwisho nilikaa juu ya ndoo nikimtazama Papa Salvatori pale chini, macho mekundu, kope zimejaa vumbi, nikamuuliza: anajuaje mstari uko wapi ilhali haoni kitu? Akachomoa mpini, akauweka kwapani. "Kesho tunamaliza mulango," alisema, "na hiyo nitakuambia kesho."

Kesho yake vita viliingia Kamenge, mtaa ukamwagika. Watu walikimbia na magodoro kichwani, wengine kuelekea milimani, wengine ziwani, na wengine hawakufika popote. Ulikwenda kumtafuta mpaka ulipozuiwa njiani, ukarudi, ukaenda tena. Nyumba yake ulioneshwa kwa mbali tu, haina paa.

Sasa nafika mahali ambapo kwa miaka mingi nilikukasirikia, na hilo unalijua. Yule tajiri wa mbao alikuja mwenyewe, akakaa kwenye kiti chetu kizuri, akasema ana kijana mwenye nguvu wa kufanya kazi nawe, na mpini si kitu, wewe ni mtu wa mbao, chonga mwingine. Ukamwitikia kwa adabu, ukamwagia chai, ukamwambia hapana. Alikuja tena baada ya Idi. Hapana. Mama akakuuliza mbele yetu kama watoto wake watalala njaa kwa ajili ya kijiti. Ndipo ukasema lile neno, ukiwa umeangalia chini:

"Mi nikichonga ingine, ni kusema nimemuzika. Na mi sijaona maiti yake."

Ukaenda kubeba magunia kwenye maghala ya Zone Industrielle, kule viwandani. Wewe, uliyekuwa unatembea juu ya gogo umenyooka, ukaanza kurudi nyumbani umeinama, saruji kwenye nywele. Na kila Ijumaa baada ya swala ulikuwa unaushusha msumeno ukutani, unaufungua kwenye gunia lake, unaupaka mafuta ya mawese usipate kutu, unapitisha tupa kwenye meno ambayo hayajakata kitu, unaufunga tena. Nyumba ilinuka mawese mpaka kwenye daftari zangu. Niliwahi kukuuliza kama ni mapenzi au ni ukaidi. Ukasema maswali mengine hayana kazi, nenda kasaidie mama yako.

Ulikufa kabla bunduki hazijanyamaza, na mgongo ulikuwa umekwisha. Neno ulilonishikisha hospitalini ni kwamba mtu yeyote asichonge mpini ule. Nilikubali, kwa sababu ulikuwa unaondoka. Moyoni sikuelewa, na nilikulilia kwa hasira.

Haya, nimemaliza kuzunguka. Habari yenyewe ni hii: amekuja.

Wakimbizi wanarudi sasa, Baba. Meli zinawaleta kutoka Kigoma, na leo asubuhi mzee mmoja mwembamba, kofia mkononi, alisimama mbele ya maandazi ya mama akauliza kama hapa bado ni kwa mpasuaji. Mama alimjua kwa kikohozi. Akaambiwa kwamba wewe hupo tena. Aliingia uani, akaliona lile gogo chini, limeoza maganda, kuku wamelala juu yake, na ile njia ya msumeno imeishia katikati. Akakaa juu yake. Tulimwacha.

Baadaye nilimletea chai, na unanijua, sikuweza kungoja. Nikamuuliza mpini uko wapi.

"Niliichoma, Juji," akasema. "Ile mwaka ya kwanza, kule kambini. Mvua iligoma kuacha, kuni apana. Mutoto alikuwa na homa, alitaka uji. Kitu kikavu kilikuwa ile tu."

Baba, nilisimama na birika mkononi, nikahesabu magunia yako. Nikaona saruji kwenye nywele zako. Miaka yote ile ulikuwa unangoja kitu ambacho kilikwisha kuwa jivu chini ya sufuria. Nilitaka kumpigia kelele mzee wa watu. Lakini mama, aliyekuwa amesimama mlangoni amesikia yote, alianza kucheka. Alicheka mpaka akakaa chini, mpaka machozi yakatoka, na sijui lini kicheko kiligeuka kikawa kilio. Akasema tu, "Na mutoto alipona?" Papa Salvatori akasema alipona, ana watoto wake sasa. Mama akasema alhamdulillahi, basi mpini ulifanya kazi.

Kisha Papa Salvatori akauliza, kwa sauti ndogo, kama ulichonga mwingine. Nikamwambia hapana. Nikamwambia lile neno lako lote kama ulivyolisema. Alifunika uso kwa kofia. Alipoishusha kofia aliangalia ule mpera wetu kando ya ukuta, akapima tawi kwa jicho.

"Leta panga," akasema. "Maiti atachonga mwenyewe."

Akachonga. Mikono yake inatetemeka anaposhika kikombe, lakini ikishika panga haitetemeki. Nikaushusha msumeno, nikaufungua kwenye gunia, na alipoyaona meno yale yanang'aa kwa mawese aliyagusa moja baada ya jingine. Vijana wa gereji walikuja na mnyororo wao wa kunyanyulia injini, wakalipandisha gogo juu ya mapipa. Nikavunja betri za tochi, tukapiga mstari upya. Yeye akaketi chini. Juu hapakuwa na mtu, basi nikapanda mimi, nimekaza kanga kiunoni, na mafundi wote wameacha magari wanatazama.

Ni vigumu, Baba. Hukuwahi kusema. Mtu wa juu anaona mstari wote, lakini hakati, anayekata ni wa chini. Nilipotosha mara mbili na mara mbili Papa Salvatori alisimama akangoja ninyooshe. Ndani, libuyu bado ni mwekundu, na harufu yake ilipotoka nilikuwa tena kati ya ile mizizi na mama, mvua inanyesha nje. Nikamuuliza kama alipopita na meli aliuona ule msitu wetu. Akasema meli ilipogusa upande ule aliutafuta sana kwa macho, akaona mihogo mpaka majini. Sikuendelea na swali hilo. Nililiuliza zamani, na nimepata jibu.

Lakini lile jingine nilimdai. Nikamwambia aliniahidi kesho, na kesho imefika. Anajuaje mstari uko wapi? Alipangusa kope, akaniangalia kutoka kule chini.

"Sikujua hata siku moja," akasema. "Mi nilikuwa nafunga macho. Kuona ilikuwa kazi ya baba yako."

Adhana ya magharibi ilitukuta tumebakiza kidogo, na alikuwa amechoka. Aligonga kabari, akauchomoa mpini, akaufuta kwa shati, akauweka kwapani. Analala Kamenge kwa dada yake, kwenye chumba kimoja kilichopata paa. Nilifungua kinywa nimwambie auache hapa, mzee, njia ni mbaya, na tumeshangoja ya kutosha. Kisha nikafunga kinywa. Unaweza kuamini? Juji alinyamaza.

"Kesho tunamaliza mulango," akasema, akaenda nao.

Mama anauliza kama atakuja kweli. Nimemwambia sijui. Naandika nimekaa kwenye kizingiti, gogo liko juu ya mapipa, na mlango bado ni lile bati. Msumeno nimeshaupaka mawese.

Pumzika, Baba, mgongo wako unyooke.

Binti yako,
Juji