Dawa ya Musa Inazaliwa Leo

Jumatano, 6 Agosti 2025
Baiolojia. Madamu Rozalia katufundisha seli shina — seli ambazo bado hazijachagua kazi. Zinaweza kuwa damu, mfupa, hata moyo. "Kama nyie Fomu Foo," kasema, darasa zima likacheka. Ziko kwenye uboho, kwenye damu ya kitovu, na kwenye kiinitete cha siku chache. Hapo ndipo ugomvi ulipo. Ukizichukua kwenye kiinitete, kinakufa. Feliksi akaruka: huyo ni mtu tayari! Happiness akamjibu: na ndugu yako anayeumwa, huyo si mtu?
Nilikuwa na la kusema. Sikunyoosha mkono. Nilikuwa namuwaza mdogo wangu Musa na sikoseli yake.

Ijumaa, 8 Agosti
Nane Nane, hakuna shule. Bwana Hamdani, yule anayepita kwa wajawazito wa mtaani, kaja tena, safari hii na daktari mgeni. Mama akijifungua wanataka kitovu na zalio. Shangazi Kuruthumu kawaka! Mazalio yetu sote kayafukia yeye, nyuma ya nyumba, ndiyo kazi ya shangazi. "La huyu mnalipeleka wapi, mkapike supu?" Hamdani akacheka tu. Akamwambia Mama: ndani ya kitovu hicho mna dawa ya Musa. Mama akatabasamu. Tangu Ramadhani sijaliona lile tabasamu.
Kisha Hamdani akatoka kupokea simu. Daktari akanigeukia mimi. Kwa Kiingereza, polepole: huu ni utafiti tu, damu inakwenda maabara, kijana wenu hatapata dawa yoyote. Mweleze mama yako, ana haki ya kukataa.
Mama: "Anasemaje?"
"Anashukuru kwa chai."
Ndivyo nilivyosema. Ee Mungu.

Jumanne, 12 Agosti
Nimemfuata Madamu baada ya kipindi, nikajifanya nauliza ya mtihani. Kasema kweli, sikoseli imewahi kutibiwa kwa seli shina. Ila kwanza wanapima kama ndugu wanaendana, halafu hospitali kubwa, miezi mingi. Musa hajatolewa hata tone la damu.
"Kwani kuna nini nyumbani, Hasna?"
Hakuna kitu, Madamu.

Alhamisi, 14 Agosti
Mama kamwachisha Musa vidonge. Vinamsumbua tumbo, apumzike, dawa yenyewe inakuja. Nilikuwa napeta mchele palepale. Nikasema "mm".
Musa naye kaenda ziwani Katonga kuogelea na wenzake — yeye ambaye hata kuoga maji baridi ni marufuku! Karudi anatetemeka, anajisifu. "Mimi nishapona, bado siku tu."
Kesho namwambia Mama.

Ijumaa, 15 Agosti
Sikusema.

Jumamosi, 16 Agosti
Uchungu umemshika Mama tangu alfajiri, Shangazi kampeleka zahanati. Hamdani alishafika kule na boksi lake la barafu. Baba yuko Mwamgongo anavua dagaa, simu haipatikani.
Musa analia miguu. Sasa na kifua. Macho yamekuwa ya njano. Bibi kapiga simu: tumpeleke hospitali? Mama, huku anaugulia uchungu: msubiri, msimtese na sindano, dawa yake inazaliwa leo.
Tunasubiri.
Nimemkanda kwa maji moto. Anapumua kwa vipande vipande. Nikamwambia Bibi twende tu. "Wewe na mama yako, mkubwa nani?"
Nimekaa mlangoni, naandika. Bibi anadhani nasoma.
Simu! Shangazi. Mtoto wa kike, wazima wote wawili. Hamdani kafunga boksi, keshaondoka na gari. Shangazi analia, hana cha kuja kufukia.
Bibi kapiga kigelegele. Anamvisha Musa shati la Idi, ampokee Bwana Hamdani. Musa kajaribu kusimama — miguu imekataa. Kaegemea ukuta.
"Hasna, wewe ndiye uliyekuwa unamwelewa yule daktari. Dawa ikifika anainywa, au anachomwa?"
Wote wawili wananitazama.