Jiweke Mahali pa Mgonjwa

Tlawi, Mbulu
Tarehe 9 Julai

Kwako dada yangu Tekla, hapo Nangwa,

Shikamoo dada. Naandika nikiwa nimekaa jikoni karibu na moto, maana baridi ya mwezi huu huku kwetu haina huruma. Sisi tunaendelea, ila magoti yangu yananisumbua asubuhi. Wewe presha imeshuka? Baba Evaline kifua chake kimepoa? Alizeti mmeshavuna au bado mnafukuza ndege? Mume wangu Tluway anawasalimia wote.

Barua hii nampa Benedict, yule anayepanda huku kununua vitunguu saumu. Simu haifai kwa maneno haya. Nikikupigia utakata kabla sijafika mwisho, na mimi nataka ufike mwisho.

Najua Evaline yuko kwako tangu Jumatano ya wiki iliyopita. Najua amesimamishwa kazi ya kuhudumia wagonjwa majumbani, na kwamba ameambiwa anamwacha mgonjwa amelowa mkojo, anampa uji wa baridi na kumsema vibaya. Nimesikia unamuuliza kila siku alikosea wapi, na yeye analia tu. Dada, usimuulize tena. Hakuna anachokijua.

Acha kwanza nikuambie mwanao alivyokuwa hapa kwangu. Tangu mama mkwe apooze upande mmoja mwaka jana na ulimi ukafunga, Evaline alikuwa anakuja Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Saa mbili haijafika unamwona anapandisha kilima na sare yake ya bluu. Ananawa mikono, anasema shikamoo bibi, halafu anasubiri mpaka bibi apepese jicho ndipo aguse shuka. Anamgeuza, anampaka mafuta mgongoni asipate vidonda vya kulalia, anamkunjua vidole kimoja kimoja. Alimtania kwamba akisimama tu tutamtafutia mume mwenye ng'ombe wengi, na bibi alicheka kwa ule upande wake mmoja. Mimi nilikuwa nasimama mlangoni nawatazama. Nisikufiche, kila alipompaka mafuta yule mwanamke, nilikuwa nageuka naenda kupasua kuni.

Unajua kwamba nilizika mtoto wangu wa kwanza huku Tlawi. Alikufaje hujui, sikuwahi kumwambia mtu, hata Tluway.

Nilijifungulia chumba kilekile anacholala bibi sasa. Tluway alikuwa kibarua huko Hanang kwenye mashamba ya ngano. Kunilea uzazi ilikuwa kazi ya mama yake, kama mama mkwe yeyote: maji ya moto, uji wa maziwa na siagi, moto usizimike. Siku tatu za kwanza alifanya vizuri, kwa sababu majirani walikuwa wanakuja kumwona mtoto. Walipoacha kuja, na yeye akaacha. Uji ukawa mara moja kwa siku, umeshapoa na kuganda ngozi juu. Nililala na nguo za damu mpaka zikanikaukia mwilini. Nikimwita, anajibu kutoka uani kwamba mwanawe alikwenda kuoa huko chini Balangdalalu akamletea mgonjwa, hakumletea mkwe. Maziwa yakakauka. Mtoto alilia siku mbili, ya tatu akawa halii tena. Alikuwa na siku kumi na nane. Hakuwa amebatizwa, lakini mimi moyoni nilimwita Fausta.

Siku tulipomzika, mama mkwe aliwaambia wanawake waliokuja kwamba hata mbuzi wa Balangdalalu wakipandishwa huku Tlawi hukauka chuchu. Wengine wakacheka, wengine wakaangalia chini. Mimi nilicheka, dada. Nilikuwa na miaka kumi na tisa na nilimwogopa.

Sasa rudi kwenye habari ya Evaline. Mwezi uliopita alikuja baba mmoja anaitwa Modest, kutoka ofisini kwao Mbulu mjini. Alikuja siku ambayo Evaline hayupo. Alisema wanapita nyumba kwa nyumba kupima ubora wa huduma, ili wajue nani anafanya kazi na nani anazurura. Alikuwa na simu kubwa kama ubao wa kukatia nyama, maswali yako ndani yake. Tukakaa chumbani kwa bibi. Akasema maswali haya ni ya mgonjwa mwenyewe, lakini kwa kuwa bibi hawezi kusema, nijibu mimi. Akaniambia nijiweke mahali pa mgonjwa, nijibu kama mimi ndiye niliyelala pale.

Dada, mimi nilishalala pale.

Akauliza kama chakula kinaletwa kwa wakati na kikiwa cha moto. Nikasema kinaletwa mara moja, kimeganda ngozi juu. Akauliza kama mhudumu ananibadilisha nikichafuka. Nikasema nakaukiwa nguo mwilini. Akauliza kama anaitika nikimwita. Nikasema anajibu kutoka uani kwamba hakuletewa mkwe. Modest alishangaa kidogo, akaandika hivyo hivyo. Akauliza kama kuna madhara yoyote yamempata mtu wa nyumba hii kwa sababu ya huduma hiyo. Nikasema ndiyo, makubwa. Alama kati ya moja na tano, nikasema moja, na kama ingekuwepo ya chini ya moja ningempa.

Bibi alikuwa anasikia yote. Masikio yake hayajapooza. Swali la kwanza alinitazama tu. La tatu akaanza kupiga blanketi kwa ule mkono wake mzima, na machozi yakawa yanaingia sikioni. Alijua nasema habari za nani. Modest akamwonea huruma sana, akasema bibi wa watu anateswa, ona anavyothibitisha. Nikaweka sahihi.

Ndiyo hivyo dada yangu. Aliyefanya Evaline asimamishwe kazi ni mimi. Ningetaka kukuambia kwamba nilipotewa na akili, lakini siyo kweli. Majibu mawili ya kwanza yalitoka yenyewe. Kuanzia la tatu nilijua wataandika jina la mwanao, na ningeweza kumwambia yule baba futa. Sikusema. Nilingoja miaka thelathini na mbili kuyasema maneno yale mbele ya yule mwanamke, yeye akiwa amelala na mimi nimekaa, na sikutaka kuacha hata moja. Mwanao alikuwa njiani tu, nikampita juu.

Jumatatu nilishuka Mbulu mjini nikamweleza Modest. Aliniuliza mara tatu kwamba nasema huduma ya mwaka gani. Akasema fomu yao haina mahali pa kuandika jambo kama hilo. Nikamwambia basi atafute karatasi, na alipoipata nikaandika mwenyewe, kwa mwandiko wangu huu wa darasa la nne, kwamba Evaline hana kosa. Jana nikamwambia na Tluway. Alikwenda zizini akakaa huko mpaka ugali ukapoa. Evaline ataitwa wiki hii. Aende kichwa juu. Mwambie mama yake mdogo anamwomba msamaha, na akitaka kuja kunitukana mlango uko wazi.

Lakini nyumba watakayompa isiwe hii. Nimewaambia na ofisini.

Tangu aondoke namhudumia mimi. Saa moja na nusu maji ya moto yako tayari. Namgeuza, nampaka mafuta, shuka hailowi nikiwepo. Uji una maziwa na siagi, na nauonja kwanza. Majirani wakija wananisifu kwamba mkwe kama mimi hakuna. Na majirani wakiondoka, mimi siachi. Kila nikimwinua kichwa namnong'oneza kwamba Fausta angekuwa na miaka thelathini na mbili. Sisemi lingine. Anafumba macho. Nangoja mpaka afumbue, halafu nampa kijiko.

Daktari alipita juzi akasema moyo wake una nguvu, anaweza kuishi miaka mingi akitunzwa hivi. Nilifurahi dada, nikalia kwa furaha, daktari akadhani ni upendo. Namtunza sana. Sitaki afe.

Wabusu wajukuu, na Mungu awape usingizi mzuri wote hapo nyumbani. Jibu lako lolote nitalipokea kwa mikono miwili, hata likiwa la matusi.

Ni mimi mdogo wako,
Helena Tluway