Kapteni Sikitu Arushiwa Dadu

Neema wangu,

Mwakeye. Unaona, bado naamkia kwa Kiha chako, na bado nakitamka vibaya. Leo sikuja kulia. Nimekuja na habari, na nisipoiandika nitapasuka: tumecheza tena!

Tangu tukuzike Kidahwe, miezi minne sasa, hakuna aliyegusa mchezo wetu wa kusimulia, ule wa mimi kutoa hadithi, nyinyi kucheza wahusika, na dadu kuamua yanayowapata. Jumamosi mchana mdogo wako Jeni akautoa ule ungo tunaorushia dadu, akaupangusa, akatuita barazani kwenu Buzebazeba kama ulivyokuwa ukifanya. Tulikuwa watatu tu: yeye, Mzee Issa mstaafu wa reli, na mimi msimulizi. Mzee alikuja na miwani mipya na dadu letu la ludo mfukoni. Kumbe siku zote alikuwa analitunza yeye.

Shida ilikuwa Sikitu. Huyu kapteni wako, uliyemcheza miaka mitatu, tulimwacha katikati ya ziwa, boti imepasuka, wiki ile ile uliyougua. Lazima arushiwe dadu kujua atapona au atazama, na hakuna aliyetaka kurusha. Mimi nilishapanga moyoni: nitasimulia tu kwamba kafika Ujiji salama, yaishe. Unanijua. Mimi ni mtu wa hadithi, wewe mtu wa dadu. "Mwalimu, ukiamua kila kitu wewe, sisi tumekuja kufanya nini?" Uliniambia hivyo mara ngapi, pini za kushonea mdomoni, nami nanuna kwa sababu ulikuwa na haki.

Acha nitubu. Siku Sikitu alipovamiwa na majambazi, nilirusha nyuma ya daftari langu la mahudhurio. Likatoka moja, yaani anakufa. Nikatangaza tano. Ulinitazama sana, kisha ukashangilia na wenzako. Nadhani ulijua.

Basi Jumamosi nikaanza kusimulia alivyookoka, Jeni akanikata kauli. Alisema dada yake alipoondoka hakuna aliyetuuliza chochote, na safari hii, kwa Sikitu, anataka tuulizwe. Nikaliweka daftari chini, Neema. Ulipolazwa mimi nilikuwa Kasulu kusahihisha mitihani. Siku mbili tu! Nikarudi kukuta turubai la msiba limeshafungwa uani kwenu. Sikukuaga, na hilo linaniuma mpaka leo.

Hapo ndipo tulipoona kitu ambacho mimi na wewe tulikigombania miaka yote bila kukiona. Kabla ya kurusha, tulikaa tukakubaliana. Likitoka nne au zaidi, Sikitu anafika na boti yake. Likitoka chini ya hapo, anashikilia usukani mpaka abiria wote wahamie kwenye mitumbwi ya wavuvi, halafu yeye anazama nayo. Hakuna kufa kijinga! Dadu litachagua njia, lakini njia zote mbili tumezitengeneza sisi, na zote mbili zinakufanania wewe. Mzee Issa akapiga paja, akaapa hata reli haikuwahi kuwa na utaratibu mzuri namna hiyo.

Jeni akarusha ndani ya ungo, wazi, macho yetu yote yakitazama. Likazunguka, likagonga ukingo, likatulia.

Mbili.

Nilidhani tutaishiwa nguvu. Wapi! Tulisimama wote, tunaongea kwa pamoja kama darasa lisilo na mwalimu. Mzee akawa abiria anayekataa kuhama bila mbuzi wake. Jeni akamvusha mama mjamzito. Mimi nikawa mawimbi, napiga ungo kwa viganja, tunacheka na machozi yanatutoka, majirani wanachungulia. Ilikuwa tamu, Neema, sijui nikuelezeje. Kisha abiria wakaisha. Akabaki kapteni peke yake.

Tukamuaga mmoja mmoja. Mzee alivua kofia. Jeni aliongea Kiha kitupu, sikuelewa yote na sikuuliza. Zamu yangu ilipofika, hadithi zote zilinikimbia. Nikataja jina, na halikuwa la Sikitu. Lilikuwa lako.

Pumzika, shoga yangu. Nakuahidi dadu halitafichwa tena nyuma ya daftari, hata likija kumchukua mhusika nimpendaye kuliko wote. Na Jeni nitamwachia aamue, hata akiiharibu hadithi yangu yote.

Kwaheri, Neema. Safari hii nimewahi.

Mwalimu wako,
Rehema