Nani Atamshika Upendo Huko Hispania

Malvern, Toronto
Mwezi wa tisa

Dada yangu Namkunda,

Bwana asifiwe. Kabla sijasema la kwangu, nianze na lenu. Mama ameamkaje? Macho yanamruhusu bado kumtambua mtu akiingia mlangoni, au sasa anangoja mpaka mtu aseme? Na mgongo wako? Shemeji kikohozi kimemwachia? Mimi ni mzima kwa neema ya Mungu, ila nimechoka. Si ugonjwa, usije ukamtia Mama hofu. Ni uchovu wa miguu tu, ule wa kukaa kwenye basi, kituo chako kinafika, na unatamani dereva akupitilize.

Utasema kwa nini nisipige simu. Simu yenu inakatika pale pale ninapofika kwenye jambo lenyewe, halafu Mama anapenda karatasi: isomwe, aisimamishe, isomwe tena. Mama mmoja wa kanisani kwetu anakuja Moshi, atakufikishia. Msomee Mama yote, hata pale utakapomsikia anaguna.

Jambo lenyewe ni likizo yangu. Kule nyumba ya wazee nimepewa wiki mbili za mwezi wa kumi na moja. Niliomba Krismasi, wakasema waliotangulia kazini wameshaichukua. Wiki hizo nilishazihesabu kuwa za kuja nyumbani huko mlimani Usangi, na Mama nilishamwambia. Mara Upendo wangu naye akaja na lake. Wiki hizo hizo yeye na wenzake wanakwenda Hispania kupanda magenge, na anataka niende naye nikamshike kamba.

Nakusikia ukisema, kamba gani tena? Subiri, Dada.

Mwanao ana huu mchezo tangu chuoni. Mjini kuna jumba lenye kuta ndefu zilizopigiliwa vishikizo vya rangi rangi. Mtu anavaa mkanda wa kiunoni na mapajani, anafungwa kamba, na kamba hiyo inapanda juu, inarudi chini kwa mwenzake. Huyo wa chini ndiye anayemshika. Wa juu akiteleza, wa chini anabana kamba kwenye kifaa kidogo cha chuma, na mtu anabaki akining'inia salama. Mara ya kwanza nilikwenda kumkataza. Nikamkuta yuko juu darini huko, na chini anashikwa na msichana anayetafuna jojo huku akitazama pembeni. Nikasema, kama ni lazima ushikwe, basi atakushika aliyekuzaa. Walicheka. Nikajifunza, nikapimwa, nikafaulu. Sasa kila Jumamosi nikitoka zamu napitiliza huko na viatu vyangu vya kazini. Na huu unene wangu mnaousema sana umepata kazi, maana mtu mzito hanyanyuliwi ovyo na kamba.

Nikwambie ukweli, nyumbani mtoto huyu simsikii. Namsemesha Kiswahili, ananijibu neno moja la Kiingereza, mlango unafungwa. Lakini akishajifunga kamba ananigeukia, ananionyesha fundo lake, namwonyesha kifaa changu, tunaomba maneno machache, anapanda. Akishuka, anakaa chini kando yangu na kunieleza yote, ya kazini kwake na ya moyoni. Siku sita naishi na mpangaji, siku ya saba napata mtoto. Ndiyo maana alipotaja Hispania ulimi ulishataka kusema ndiyo.

Jumapili moja baada ya ibada wakaja mezani kwangu kuchagua ni wapi hasa waende. Nilipika makande. Walikuwa watatu: Upendo, Megan ambaye ni mzungu wa hapa anayefanya naye kazi, na Daniel, kijana wa Bukavu anayeimba besi kwenye kwaya yetu, mwembamba kama mwiko wa ugali. Wakafungua kitabu cha magenge kati ya sahani.

Megan akatangulia. Yeye alitaka Siurana, kijiji kilichokaa juu kabisa ya genge. Picha zake ni nzuri, sikatai. Nikauliza, "Na watu wa kiwango chenu watapanda nini huko?" Maana huko Hispania ugumu unapewa namba, Dada. Nne ni ya wanaoanza, tisa ni ya wale mnaowaona kwenye televisheni. Hawa wangu ni wa sita. Ni watu wa katikati, kama mimi kwenye kwaya.

Daniel akasema, "Bon, sita iko, Mama. Lakini sita ya Siurana iko na kiburi. Wanaandika sita, unapanda unalia saba."

"Wewe unalia hata kwenye tano," Upendo akamwambia.

"Mama, unasikia mtoto wako?"

"Nimesikia. Kula."

Upendo yeye alitaka Chulilla, kwenye korongo la mto, kwa kuwa kuta zake ni ndefu na unapanda mpaka unasahau ulianzia wapi. Nikauliza kama kamba yao itafika. Wakatazamana. Kamba lazima iwe na urefu wa njia mara mbili, wa kwenda na wa kurudi, na huko zipo njia ambazo kamba yao haitoshi.

"Tunafunga fundo mwishoni, Mami," Upendo akasema. "Ili isichomoke tukiwa tunamshusha mtu."

"Na siku mtakayosahau hilo fundo?"

Daniel akarudi kwenye makande yake. Megan, ambaye Kiswahili hajui, aliuliza kimetokea nini. Akatafsiriwa, naye akafungua ukurasa mwingine bila kuambiwa.

Wakaja pande za Calpe, karibu na bahari. Huko sita zimejaa tele, lakini magenge yametawanyika, kila siku ni gari, na mwenye leseni ni Megan peke yake. Nikasema atachoka kuwaendesha, na dereva aliyechoka mimi namjua, napanda basi lake kila asubuhi. Mwisho Daniel akaweka kidole kwenye El Chorro, kule kusini. Treni inakushusha stesheni na magenge unayaona palepale. Mwezi wa kumi na moja kuna jua. Njia za namba sita ni nyingi, na zipo fupi za kutosha kwa kamba waliyo nayo.

"Na kanisa je?" nikauliza.

"Mami! Hispania nzima ni makanisa!"

"Sijauliza Hispania nzima. Nimeuliza hapo stesheni."

Walicheka mpaka Megan naye akacheka bila kujua kitu. Ikapita El Chorro. Halafu Upendo akanigeukia, na kicheko chake kikaisha. Akasema kwa Kiswahili, kile chake cha kuokoteza, "Mama, na wewe unakuja? Wewe ndiye unanishika."

Hapo ndipo penyewe. Kule nje kamba haitangulii juu kama kwenye lile jumba. Mpandaji anakwenda nayo mwenyewe, anaipachika kwenye bolti moja baada ya nyingine zilizotiwa mwambani, na akianguka yuko juu ya bolti ya mwisho, anaanguka mwendo kabla kamba haijamkamata. Upendo anasema akijua ni mimi niliye chini, anapanda bila kutazama nyuma. Mimi nina mama asiyeniona tena vizuri, na yeye ana mama wa kumshika. Nilisema nitaomba kwanza. Nikaomba, Dada, wiki nzima. Nilikuwa naomba huku nakunja mashuka.

Jibu nililipata kazini. Wazee wasioweza kusimama tunawainua kwa mashine. Unampitishia mzee kitambaa chenye mikanda, unaipachika kwenye mkono wa mashine, ananyanyuka toka kitandani kama mtoto mbelekoni. Kwetu pale ipo desturi. Mfanyakazi mpya hagusi mzee mpaka yeye mwenyewe awekwe kwenye kile kitambaa na kuinuliwa, ajue mtu anajisikiaje roho yake ikiwa mikononi mwa mwingine. Wiki hiyo alikuja binti mgeni, nikamfunga mikanda, nikamwinua. Akafumba macho, akaning'ang'ania mkono. Nikawa namtuliza, na papo hapo nikajiambia, wewe umemshika mwanao miaka yote hii, lakini wewe umeshikwa na nani?

Jumamosi nikamwita Daniel. Nikamwambia, "Leo utanishika mimi."

"Mama? Wewe unapanda?"

"Ninapanda. Huwezi kumshika mwanangu ugenini na mimi sijui unavyoshika."

Upendo akasema, "Mami, usifanye hivyo, tafadhali. Watu wanaangalia."

"Waangalie."

Nikavaa mkanda, Dada. Usimsomee Shemeji hapa. Nikajifunga fundo mwenyewe, Daniel akalikagua, nikakagua kifaa chake. Akaanza kuomba, na unajua Wakongo wakianza kuomba. Alipomaliza Kongo na kuingia Kanada nikamkatiza kwa amina. Nikapanda. Magoti yalilalamika, vidole vikauma, nikaapa sitamcheka tena Upendo akisema amechoka. Nilipofika juu ya vichwa vya watu nilitazama chini mara moja tu, na mara hiyo moja ilitosha. Sikumwambia Daniel neno. Nikasema Yesu moyoni, nikaachia.

Niliporomoka kidogo, moyo ukabaki juu. Kisha kamba ikanikamata. Lakini mimi ni mzito na yeye ni mwiko, kwa hiyo mimi nilivyoshuka yeye alipanda! Miguu ilimtoka chini, akajigonga bega ukutani, na kiatu kimoja kikamvuka. Tukakutana katikati ya hewa, uso kwa uso, kama majirani dirishani. Jicho langu halikwenda usoni kwake wala begani. Nilitazama mkono wake wa kulia, ule wa chini unaobana kamba. Ulikuwa umeshika. Kiatu kimeanguka, bega limechubuka, mkono haujaachia.

"Mama," akasema, anahema, "uko muzito kabisa."

"Asante, mwanangu. Nishushe."

Jumba zima lilipiga makofi. Upendo alinikumbatia huku analia na kunigombeza kwa lugha mbili. Aliponyamaza nikamwambia, "Utamfunga Daniel jiwe au gunia la mchanga kiunoni, maana wewe nawe si mwepesi. Mengine anayajua. Mimi naenda kwa mama yangu."

 Akainama, akanifungua fundo la kamba yeye mwenyewe, polepole, kama nilivyokuwa namfungua kamba za viatu alipokuwa mdogo. Akasema, "Mwambie Bibi nitakuja na mimi. Nitapanda ule mlima wenu." Alisema yote kwa Kiswahili.

Kwa hiyo nakuja, Dada. Nisalimie Shemeji, Shangazi wa Ugweno aliyekuwa ananifulia sare za shule, na Mchungaji aliyetubariki siku tunaondoka. Mama asihangaike kutuma mtu stendi Mwanga. Nitapanda kwa gari litakalokuwepo, na pale barabara inapoishia nitatembea, magoti yasemavyo na yaseme.

Siku hizo Upendo atakuwa ukutani El Chorro, na sitajua saa wala dakika. Mimi nitakuwa jikoni kwenu nimekaa kando ya Mama. Mkono huu wa kulia ambao hauna mazoea ya kuachia, mwambie ni wake kwa wiki mbili.

Ni mimi mdogo wako,
Mama Upendo