Mke wa Ng'ombe wa Bhoke

Nyansurura,
4 Machi 1976

Dada Bhoke,

Shikamoo. Habari za huko Tarime? Watoto hawajambo? Sisi wazima, mahindi ya shamba la kijiji yamebeba vizuri.

Dada, nimemrudisha Agustina kwao Kenyamonta. Hana kosa. Kosa ni langu. Nilimwoa kwa ng'ombe wa mahari yako. Siku ile ulipomkimbia mumeo Machage, uso umevimba, ni mimi niliyekushika mkono nikakurudisha kwake. Niliogopa ng'ombe wakidaiwa, nitampoteza Agustina. Tangu hapo kila akinipakulia ugali nauona uso wako. Nikaona heri nami nikae bila mke, nionje uchungu.

Mdogo wako,
Waitara

Tarime,
29 Machi 1976

Waitara mdogo wangu,

Marahaba. Watoto wazima. Mimi jino tu, Machage kalitikisa. Siku hizi naandika mwenyewe, kisomo cha watu wazima kimenifaa, kwa hiyo soma vizuri.

Una wazimu, mura, kijana mzima wewe! Nani kakuomba uonje uchungu? Uchungu wako unanipunguzia kofi gani? Agustina kaolewa kwa ng'ombe wangu. Nimepigwa mimi mkapata nyumba, leo unaibomoa, halafu unataka nikuonee huruma!

Nilipanga kuja baada ya mavuno na huyu anayenyonya, nisirudi tena. Agustina alijua, ndiye aliyeniita. Sasa nitafikia kwa nani? Nyumba isiyo na mama, nani atanipokea? Umenifukuza mara ya pili, na safari hii ukijiona mwema.

Dada yako,
Bhoke

Nyansurura,
25 Aprili 1976

Dada,

Shikamoo, na pole kwa jino. Nimechelewa kujibu kwa aibu.

Nilikwenda Kenyamonta kwa miguu. Baba mkwe aliniacha uani mpaka jua likawa kali. Hatimaye Agustina akatoka, akauliza, "Umenifuata kwa ajili yangu au kwa ajili ya Bhoke?"

Nilitaka kumdanganya, nikashindwa. Nikasema, "Bhoke kwanza."

Akanitazama weee. "Leo ndiyo umesema kitu," akasema, akaenda kufunga mzigo wake.

Tumerudi. Anakutandikia kitanda. Njoo, usingoje mavuno. Siku hizi ninao ng'ombe wangu mwenyewe. Machage akija kudai wake, atakuta lango la zizi liko wazi, awaswage aondoke nao.

Mdogo wako,
Waitara